Copenhagen jua likitoka: hawa ni watu wale wale wa Februari?

KijanaWaKilosa

Habari za humu wakuu. Nipo Copenhagen tangu Januari, masomo. Nimepanga chumba Nørrebro, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Miezi yote hii nilishakubali moyoni kwamba wenyeji hawataki kusemeshwa. Kwenye basi la 5C mtu anakaa dirishani, begi analikalisha kiti cha pembeni. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu nikimsalimia anaitikia kwa nyusi.

Sasa Jumamosi jua likatoka. Na wala si joto la kusema, digrii 14, mimi nilikuwa ndani ya koti. Nashuka kuelekea mjini, nakuta daraja la Dronning Louises Bro watu wamejaa upande mmoja tu, wamekaa, nyuso juu, macho yamefumbwa, kama wanasubiri kinyozi. Upande wa pili hakuna hata mmoja. Mama mmoja mtu mzima akajisogeza kunipa nafasi kwenye benchi, akaniuliza natokea wapi, akanipa habari za mjukuu wake aliyewahi kujitolea Iringa, akanigawia na zabibu. Jioni nakutana na jirani kwenye ngazi, ananitajia jina lake na kuniuliza langu!

Mnaoujua mji huu naombeni mnisaidie. Hili ni jua kweli, au ni bia? Maana makopo yalikuwepo ya kutosha. Na je, itadumu, au Jumatatu wanarudi walivyokuwa?

MzeeWaUjiji

Ni bia.

BintiPangani

Mzee, acha hizo.

Karibu mdogo wangu. Umefika Januari, mwezi ambao ningekuwa na mamlaka ningeufuta kwenye kalenda ya mji huu, na bado hujakata tiketi ya kurudi. Hongera.

Bia tuiondoe kwanza. Huku kunywa barabarani ni ruhusa mwaka mzima, na Februari wanakunywa vizuri tu, tena zaidi, ila wanakunywa ndani, pazia limefungwa, wale wale wanne waliojuana tangu darasa la kwanza. Kama bia ndiyo ingekuwa dawa, jirani yako angekwambia jina lake siku ya kwanza ulipopandisha masanduku.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee huko Amager, zamu ya asubuhi, na nimekaa mji huu miaka ya kutosha kuzaa na kusomesha. Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi imeshapita, na saa tisa na dakika arobaini mchana limeshazama. Naingia kazini giza, natoka linaaga. Na hayo ni masaa ya kwenye karatasi, kwa sababu katikati yake ni mawingu ya rangi ya maji ya kuoshea vyombo, wiki nzima mpaka ya pili. Halafu Juni inakuja, jua linachomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Sisi tunaoswali ndiyo tunaujua vizuri huo mwezi. Kuisubiri Isha na mtu una zamu ya alfajiri ni mtihani wake peke yake, kila msikiti una ratiba yake na kila mtu ana maoni yake, tusiingie huko.

Nikupe mfano wa kazini. Tuna bibi mmoja, zamani alikuwa fundi wa kushona. Majira yote ya baridi ananiita kwa jina la mfanyakazi aliyeacha kazi zamani, na mimi naitika. Siku ya kwanza ya jua la maana, mwezi wa Aprili, ananiita kwa jina langu kamili, anataka avuliwe soksi, atolewe uani, na kahawa iletwe huko huko. Wazee wengine wakimwona yuko nje nao wanataka nje, na sisi wafanyakazi tunagombania nani asukume viti vya magurudumu. Kikao cha idara kinahamishiwa uani. Mkuu wetu wa zamu, ambaye Januari anaandika barua pepe zenye nukta nyingi za kukemea, anatununulia aiskrimu. Hakuna bia hapo, Mzee wa Ujiji.

Kuhusu kukaa upande mmoja wa daraja: utawazoea. Hawa watu wana ramani ya jua kichwani. Wanajua mkahawa upi una jua saa nne asubuhi na upi unalipata saa kumi jioni, na wanahama nalo. Lile daraja liko wazi kwa sababu ya yale maziwa huku na huku, hakuna ghorofa la kuziba, kwa hiyo jua la jioni linaupiga ule upande wa benchi mpaka linazama. Utawakuta pia Kongens Have, kwenye nyasi za kasri la Rosenborg, huwezi kutupa jiwe. Nyhavn wenye akili hawaketi mezani, bei zake ni za watalii. Wananunua kopo dukani na kukaa kwenye kingo za mfereji, miguu inaning'inia.

Lililonishtua kuliko yote ni makaburini. Hapo hapo kwako Nørrebro, Assistens, alikozikwa Andersen wa zile hadithi, na Kierkegaard, na Niels Bohr. Mimi mtoto wa Pangani, makaburini kwetu unapita na Fatiha. Nakatiza na baiskeli naona dada kalala kifudifudi na kichupi, kitabu mkononi, kikombe cha kahawa pembeni. Nikadhani ni mgonjwa wa akili. Kuangalia vizuri, wako wengi, na wengine na watoto wao wachanga. Siku hizi napita na wala sigeuki, ingawa kuvua mtandio hapo bado sijafika na sitafika.

Na bandarini Islands Brygge. Waliokuwepo zamani wanakwambia maji yale hakuna aliyetia mguu, maji taka yalikuwa yanamwagwa humo. Jiji likatumia miaka na mapesa kuyasafisha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaweka bwawa la kuogelea ndani ya bandari yenyewe, bure. Mtu anatoka ofisini na tai, anavua, anajirusha, anavaa, anapanda baiskeli anaenda kumchukua mtoto. Katikati ya mji mkuu! Ukiona hilo unaelewa kwamba jua lenyewe halitoshi, watu walijitengenezea pa kulipokelea.

Sasa swali lako lenyewe. Maoni yangu, na nimeyafikiria sana kwenye baiskeli: jua haliwabadilishi hawa watu tabia. Linavunja kalenda yao. Wewe bado mgeni, lakini utajionea. Ukimwambia mtu wa hapa "tuonane tunywe kahawa", anatoa simu na kukwambia Alhamisi ya wiki ya 34. Wanahesabu wiki kwa namba, na wiki ya 34 ni Agosti! Si kwamba hakupendi, ndivyo wanavyoishi, kila kitu kimepangwa, na kumpitia mtu nyumbani bila taarifa ni kama kumvamia. Lakini siku ya jua, saa sita mchana, unapata ujumbe: tupo Kongens Have, njoo. Bila tarehe, bila wiki. Na wanakuja wote, na anayekuja na mtu wake haulizwi, na huyo mtu wake anaweza kuwa wewe.

Cha pili ni kwamba maisha ya hapa ni ya sebuleni. Kwetu baraza iko nje, mpita njia ukisalimia umeshaingia kwenye mazungumzo. Huku baraza iko ghorofa ya nne nyuma ya mlango wenye kengele, na mgeni hakaribishwi mpaka aive. Jua linapotoka wanabeba sebule yao yote, mablanketi, watoto, redio, mbwa, wanaishusha bustanini. Kwa siku hiyo wewe usiyealikwa popote umekaa sebuleni kwa watu. Ndiyo maana ya zile zabibu.

Itadumu? Haidumu, na usije ukaumia. Mtu aliyecheka na wewe Juni anaweza kukupita Novemba kofia imeshuka machoni kana kwamba hamjawahi kuonana. Nilizichukia hizo tabia miaka ya mwanzo, nikawaita wanafiki. Sasa sisemi hivyo, maana hata mimi Novemba simwoni mtu, naona njia tu na upepo. Unachotakiwa ni kukihamisha kile cha nje kikaingia ndani kabla baridi haijarudi. Agosti na Septemba vyama vyao vyote vinaanza msimu mpya: kwaya, mpira wa mikono, badmintoni, kushona. Wadenmark kwa vyama hawajambo, na ukiwa mwanachama tayari uko kwenye kalenda, kila Jumanne utaonana nao, mvua iwe isiwe. Huyo jirani usimwombe urafiki, muulize yuko chama gani.

Jambo la mwisho halafu niende nikalale. Wafanyakazi wenzio watakuona umekaa chini ya mti wakati wao wanaungua, watakuuliza kama unaumwa. "Si wewe umetoka kwenye jua?" Ndiyo, nimetoka huko, nimelelewa kulikimbia. Mama yangu akinikuta nimesimama juani saa saba mchana alikuwa ananipigia kelele toka mlangoni. Kaa kivulini kwako bila aibu, lakini kaa karibu nao.

MuuguziWaKisumu

Nimesoma jibu la dada nikacheka peke yangu hapa Glasgow. Kwetu mambo ni yale yale: joto likifika 16, wanaume wanavua mashati barabarani, na bustani ya Kelvingrove inajaa hadi huoni nyasi. Tofauti ni kwamba huku kunywa hadharani ni marufuku, kwa hivyo bia wanazificha na polisi wanajifanya kutembea polepole.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, kwa hivyo niongeze kidogo upande huo. Huu uzito wa majira ya baridi si uvivu, una jina na matibabu. Aliyeandika juu yake kwa mara ya kwanza kwa undani ni mwana wa Afrika, Daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg. Alihamia New York 1976, na akajiona mwenyewe baridi likiingia kazi zinamlemea, machipuko yakifika anainuka. Mwaka wa 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya sonona ya majira, pamoja na tiba ya mwanga. Taa za tiba hiyo hutoa mwanga wa laksi 10,000, na mtu hukaa mbele yake karibu nusu saa asubuhi. Ili uelewe hicho kipimo: ndani ya ofisi ya kawaida ni kama laksi 500 tu, na juani mchana hufika 100,000. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa ndani. Kwa hivyo ndugu wa Kilosa, mwakani usisubiri jua. Toka nje asubuhi hata kukiwa na kiwingu.

Dada amesema si jua, ni watu kutoka nje. Kuna utafiti wa 2005, wa Matthew Keller na wenzake kule Michigan, unaomuunga mkono. Walikuta kwamba siku nzuri ya machipuko huinua hisia za wale waliokaa nje zaidi ya nusu saa. Waliobaki ndani siku hiyo hiyo, hisia zao zilishuka. Nikiwa zamu ndefu wodini na dirisha linaonyesha anga la buluu, naamini hilo kabisa.

Lakini kuna jambo watu hawalisemi. Machipuko si furaha kwa kila mtu. Katika nchi nyingi, watu kujitoa uhai huongezeka miezi ya machipuko na mwanzo wa kiangazi, wala si Desemba kama wengi wanavyodhani. Mtu mwenye sonona anaona mji mzima umeamka na yeye bado yuko chini, na huo upweke ni mkali kuliko ule wa giza. Ukiona mwenzako mwanafunzi jua limetoka na yeye bado amejifungia, gonga mlango wake, na akikwambia mambo mazito mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Pia vitamini D. Miezi ya baridi jua la latitudo hizi liko chini sana, ngozi haitengenezi kitu, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji muda mrefu zaidi juani hata wakati wa kiangazi. Denmark na Uingereza zote zinashauri watu weusi wapate nyongeza ya mikrogramu 10 kwa siku. Ni vidonge vya bei rahisi.

AmiWaMatrah

Salamu kutoka Maskati. Nyinyi mnanichekesha. Sisi huku jua tumeshiba. Kiangazi joto likipita arubaini mji unakuwa kama umehamwa, watu kutoka kwenye kiyoyozi cha nyumba kuingia cha gari, kutoka gari kuingia duka. Hasira nyingi, kila mtu kachoka, hata salamu zinakuwa fupi.

Likitanda wingu, basi! Mvua ikianza kudondoka watu wanatoka nje kuipokea, watoto wanarukaruka vibarazani, mabwana wanachukua gari na birika la kahawa wanakwenda kutazama mabonde yakiteremsha maji. Wengine wanayavuka na gari, upumbavu mtupu, kila mwaka polisi wanaonya na kila mwaka maji yanachukua watu. Na mwisho wa Juni msimu wa manyunyu unaanza Dhofar, milima ya Salalah inageuka kijani mpaka Septemba, na Ghuba nzima inamiminika huko. Watu wanaendesha zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huku kwenda kusimama kwenye ukungu na kulowa. Nimemwona mzee mwenzangu, mtu mkali hasa, kakaa kwenye mkeka manyunyu yanampiga, anacheka na watu asiowajua, anawagawia halwa.

Kwa hiyo mimi nasema si jua. Ni kile ulichokosa.

BintiPangani

Ami, umenena. Tena hata huku limeshathibitika. Mwaka 2018 jua lilitoka Mei likakataa kuondoka, nyasi za bustani zikawa za rangi ya mkeka, na mioto ikapigwa marufuku kwa sababu ya ukame, hata ile mioto yao mikubwa ya tarehe 23 Juni sehemu nyingi haikuwashwa. Wiki za mwanzo mji ulikuwa harusi. Kufika Julai feni zimeisha madukani, na wazee wetu kazini wanateseka, maana majengo haya yamejengwa kushika joto. Yule bibi fundi akaniambia anaomba mvua. Na ilipokuja kunyesha nikawaona watu wametoka kwenye milango ya ofisi, wamesimama tu, wanalowa. Hawakuwa wakisemeshana sana lakini walikuwa wanachekeana.

Ila dada wa Kisumu (au kaka? samahani), hilo la machipuko umenigusa. Nalijua kwa mtu wa karibu, sitaliandika hapa.

MuuguziWaKisumu

Kaka. Na pole.

KijanaWaKilosa

Nimewasoma wote, asanteni sana. Kumbe tatizo langu nilikuwa nawatafuta watu wa hapa ndani ya nyumba. Jirani nimemuuliza leo, yumo kwenye kwaya. Mimi nimeimba kwaya ya kanisa Kilosa toka mtoto, sauti ya tatu. Ameniambia wanapokea watu Septemba na wana uhaba wa wanaume.

Dada BintiPangani, swali dogo tu: wenzangu darasani wanataka tuchome nyama Jumamosi kama jua litakuwepo, na wamenipa mimi kazi ya kuchoma kwa sababu natoka Afrika. Nikachome wapi bila kukamatwa?

BintiPangani

Hahaha, wamekupata. Nendeni Amager Strandpark, ule ufukwe wa kutengeneza, mnafika kwa metro, mnashuka kituo cha Amager Strand. Kuna sehemu za kuchomea. Usinunue yale majiko madogo ya bati ya kutupa, nyama inaiva nje ndani mbichi, na ukiliweka kwenye nyasi linaunguza alama ya mraba ambayo mji mzima utajua ni wewe. Azima jiko la kweli. Makopo matupu msitupe ndani ya pipa, yapangeni pembeni, kuna watu wanayaokota na kurudisha dukani kwa pesa, ndiyo riziki yao.

Utabiri angalia DMI, idara ya hali ya hewa ya hapa, na wakisema mvua fanya kama wenyeji: fungua utabiri wa Wanorwe, ukisema jua, amini wa Wanorwe. Beba koti, upepo wa pale unatoka Sweden na hauna adabu. Mimi Jumamosi natoka zamu saa tisa na nakaa karibu. Kachumbari nitaleta, na mwanangu wa kiume mla nyama nitamleta pia, kwa hiyo nunua ya kutosha.

MzeeWaUjiji

Na bia je?